Vyeo Vingi, "Malkia" Mmoja: Uhakiki wa Usawiri wa Wanawake wa Kasri la Buganda katika Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna wanawake wa kasri la Buganda wanavyosawiriwa katika maandishi ya kihistoria na, zaidi, katika istilahi za Kiswahili zinazotumika kuwataja. Hoja kuu ni kwamba vyeo vya Nnamasole, Lubuga, Nnaalinnya, Kaddulubaale na Nnaabagereka vilikuwa nyadhifa tofauti zenye mamlaka, ardhi na maofisa tofauti, lakini Kiswahili kimezoea kuviingiza vyote katika neno moja, malkia, huku vyeo vya wanaume wa kasri hilohilo vikihifadhiwa kwa majina yake. Uhakiki umejikita katika eneo la Lubaga, Kampala, na unatumia maandishi ya Speke, Kaggwa na Roscoe, Mkataba wa Buganda wa 1900, pamoja na mgogoro wa ndoa ya Nnamasole wa 1941. Ulinganisho na historia ya wanawake wa kifalme wa Uingereza unatumika kuonyesha kuwa tatizo la kuutaja utawala wa mwanamke si la Kiswahili peke yake. Makala inapendekeza ukopaji wa vyeo hivyo badala ya tafsiri, hasa katika vitabu vya kiada vinavyoandikwa sasa nchini Uganda.

Istilahi muhimu: Nnamasole, Lubuga, malkia, tafsiri, ukopaji, Buganda

1.0 Utangulizi

Kilima cha Lubaga kinajulikana leo kwa kanisa kuu la Mtakatifu Maria, lililojengwa kati ya 1914 na 1925, na kwa hospitali iliyoanzishwa na masista wamisionari mwaka 1899. Kabla ya hapo kilikuwa makao ya mfalme. Stanley alipofika Buganda mwaka 1875, mji mkuu wa Kabaka Muteesa I ulikuwa juu ya kilima hicho, na mwaka 1889 Kabaka Mwanga II aliwapa Wakatoliki kilima hicho wajenge misheni yao. Jina la kilima sasa ni jina la mojawapo ya divisheni tano za jiji la Kampala, na ndani ya divisheni hiyo kuna Mengo, yenye kasri na Bulange, pamoja na Kasubi, yenye masiro ya makabaka wanne: Muteesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na Muteesa II. Ni vigumu kupata eneo jingine la ukubwa huo katika Afrika Mashariki lililobeba historia nyingi ya kifalme kiasi hicho.

Historia hiyo husimuliwa kwa kawaida kama orodha ya wanaume. Hata hivyo, kila jambo katika orodha hiyo liliwategemea wanawake. Wana wa Kabaka walihesabiwa katika ukoo wa mama, kinyume na desturi ya Waganda wengine ambao hufuata ukoo wa baba. Kwa hiyo kila ukoo ulikuwa na matumaini ya kumtoa mama wa Kabaka ajaye. Kabaka alitawazwa pamoja na dada yake. Alipokufa, kaburi lake liliwekwa chini ya mwanamke. Swali la makala hii ni la kilugha na la kihistoria kwa pamoja: msomaji wa Kiswahili anapokutana na wanawake hawa katika maandishi, anakutana na nani hasa?

Swali hili lina uzito wa wakati. Mabadiliko ya Katiba ya Uganda ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Maana yake ni kwamba wanafunzi wa Kampala wataanza kusoma habari za kwao kwa Kiswahili, katika vitabu ambavyo vingine bado vinaandikwa. Istilahi zitakazochaguliwa sasa ndizo zitakazozoeleka.

2.0 Msingi wa Uhakiki

Makala inaongozwa na mikondo miwili ya mawazo. Wa kwanza ni ule wa Oyěwùmí (1997), anayedai kuwa kugawa jamii kwa misingi ya mwili wa kike na wa kiume si jambo la kilimwengu, na kwamba wanazuoni wengi wameingiza mgawanyo huo katika jamii za Kiafrika kupitia lugha za Ulaya. Wa pili ni utafiti wa wanawake wa kasri la Buganda wenyewe: Schiller (1990), Musisi (1991), Hanson (2002) na Nannyonga-Tamusuza (2005). Kila mmoja kwa njia yake ameonyesha kuwa ndani ya kasri nasaba na cheo vilitangulia jinsia. Mfano mmoja watosha. Binti wa Kabaka aliitikiwa kwa neno ssebo, ambalo miongoni mwa watu wa kawaida ni la kumheshimu mwanamume. Mkulima aliyemwamkia hivyo hakukosea sarufi. Alimpa hadhi yake.

Tafiti hizo zimeandikwa kwa Kiingereza na zinahusu historia na muziki. Upande wa Kiswahili, yaani namna matokeo hayo yanavyopaswa kuathiri istilahi, haujapewa nafasi inayostahili. Hapo ndipo makala hii inapoingia.

3.0 Vyeo na Mamlaka Yake

3.1 Nnamasole

Nnamasole ni cheo cha mama wa Kabaka, lakini si kila kitu kuhusu cheo hicho kinaelezwa na uzazi. Roscoe (1911) anaeleza kuwa Nnamasole alikuwa na kasri lake, mashamba yake katika nchi nzima, na maofisa wenye vyeo vilevile walivyokuwa navyo maofisa wa mwanawe, akiwamo Katikkiro wake. Kasri hilo lilijengwa kwenye kilima kingine, na kati ya vilima viwili ilipaswa kuwe na kijito cha maji yanayotiririka, kwa sababu wafalme wawili hawakai kilima kimoja. Mpangilio huo wa ardhi ni maelezo ya kisiasa yaliyo wazi kuliko aya nyingi za wanahistoria. Mama hakuwa mgeni wa nyumbani kwa mwanawe. Alikuwa mtawala wa ng'ambo ya maji.

Jambo la pili ni muhimu zaidi kwa hoja ya makala hii. Nnamasole alipofariki, mwanamke mwingine wa ukoo wake aliteuliwa kushika nafasi. Cheo hakikuzikwa pamoja na mzazi. Hali hiyo inaendelea hadi leo: Sarah Kisosonkole, mama mzazi wa Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II, alifariki mwaka 1974, takriban miaka 19 kabla mwanawe hajatawazwa mwaka 1993, na bado Buganda ina Nnamasole. Tafsiri ya "mama wa mfalme" inashindwa papo hapo. Mama mzazi ni mmoja na hawezi kurithiwa; Nnamasole hurithiwa.

Hanson (2002) anaongeza kuwa mamlaka hayo yalikuwa kizuizi. Kabaka aliyewaonea watu alikabiliwa na kasri la pili lenye watu, chakula na silaha za kutosha kuwapa hifadhi waliokimbia hasira yake. Kwa maneno mengine, Nnamasole alikuwa sehemu ya katiba isiyoandikwa ya nchi.

3.2 Lubuga na Nnaalinnya

Lubuga ni dada wa Kabaka, kwa kawaida wa baba mmoja na mama mwingine, anayetawazwa pamoja naye huko Buddo. Naye alikuwa na mashamba na maofisa wake. Roscoe anasema jambo ambalo wafasiri wengi wamelipita haraka: watu watatu katika nchi waliitwa Kabaka, yaani mfalme mwenyewe, Nnamasole na Lubuga. Neno Kabaka, kwa hiyo, halikuwa jina la mwanamume anayetawala, bali la daraja ambalo mwanamume mmoja na wanawake wawili walilishika.

Kabaka alipofariki, Lubuga hakupoteza kazi. Aligeuka kuwa Nnaalinnya wa masiro, mwenye mamlaka juu ya kaburi, watumishi wake, ardhi yake na ibada zake. Huko Kasubi jengo kuu, ambalo Muteesa I alilijenga kama kasri mwaka 1882 na ambalo liligeuka kaburi lake mwaka 1884, limekaa chini ya uangalizi wa aina hiyo, pamoja na wajane wa makabaka na wanawake wa koo zao waliorithi nafasi za wajane hao. UNESCO iliandikisha Kasubi katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Moto ulipoliteketeza jengo kuu tarehe 16 Machi 2010, ulimwengu ulizungumza kuhusu nyasi, nguzo na usanifu. Wanawake ambao makazi na wajibu wao wa kila siku vilikuwa hapo walitajwa kwa nadra. Katika Kiswahili, kumwita Nnaalinnya "mlinzi wa makaburi" ni kumweka katika daraja la askari wa zamu, ilhali yeye ni mwenyeji wa mahali ambapo hata Kabaka aliye hai huingia kwa taratibu.

3.3 Wake wa Kabaka

Wake wa Kabaka walikuwa na vyeo vyao kwa utaratibu, Kaddulubaale akiwa wa kwanza, akifuatwa na Kabejja na Nnasaza. Musisi (1991) anaonyesha kuwa ndoa hizi zilikuwa nyenzo ya kujenga dola, kwani kila mke aliunganisha ukoo wake na kasri. Hata hivyo, mke hakuwa Kabaka. Cheo cha Nnaabagereka kama mke mmoja rasmi kilipata uzito wake wa sasa baada ya kuingia kwa ndoa ya Kikristo: Irene Drusilla Namaganda aliolewa na Daudi Chwa II mwaka 1914, Damali Kisosonkole na Muteesa II mwaka 1948, na Sylvia Nagginda na Mutebi II mwaka 1999.

Hapa kuna kinaya. Katika mpangilio wa kale, mke alikuwa chini ya mama na dada. Katika Kiswahili cha leo, neno malkia linapotajwa kuhusu Buganda, msomaji humfikiria kwanza mke. Aliyekuwa wa tatu amekuwa wa kwanza, na waliokuwa wafalme wenza wamehitaji maelezo ya ziada.

4.0 Macho ya Waandishi

Upotoshaji huu haukuanza na Kiswahili. Speke, aliyekaa Buganda kati ya Februari na Julai 1862, alimtembelea Nnamasole Muganzirwazza mara nyingi. Ukurasa baada ya ukurasa humwonyesha mwanamke mnene, mcheshi, mpenda pombe na dawa za mgeni. Msomaji hucheka pale mwandishi alipokusudia acheke. Lakini kitabu hichohicho kikisomwa kwa makini kinamsaliti mwandishi wake: Speke analazimika kugawa siku zake kati ya makasri mawili, anaogopa kumuudhi Kabaka akienda kwa mama, na kumuudhi mama akichelewa kwa Kabaka, na kila upande una maofisa wake wa kumpokea. Alichokiona ni siasa ya vituo viwili. Alichokiandika ni vichekesho vya mama mmoja.

Muganzirwazza huyo alikuwa na mkono katika kuimarisha utawala wa mwanawe, aliyeshika ufalme akiwa kijana. Alipofariki mwaka 1882, Muteesa aliagiza mazishi ya fahari isiyokuwa na mfano, na mmisionari Alexander Mackay akapewa kazi ya kusimamia utengenezaji wa majeneza matatu, moja ndani ya jingine. Barua na vitabu vya misheni vinalikumbuka tukio hilo kama ushahidi wa ufundi wa Mackay. Ni nadra mwandishi kuuliza ni mamlaka gani ya marehemu yaliyostahili gharama hiyo.

Apolo Kaggwa, katika Basekabaka be Buganda (1901), ana mtazamo tofauti. Kila Kabaka kwake huja na mama yake, ukoo wa mama huyo, wake zake na watoto wao. Utaratibu huo unafanana na ule wa vitabu vya Wafalme katika Biblia, ambamo mfalme wa Yuda hutambulishwa kwa jina la mama yake. Kaggwa, Mkristo na Katikkiro, hakuona ajabu katika hilo. Hata hivyo, kwake wanawake ni nguzo za nasaba zaidi ya kuwa watendaji. Wanatajwa wote, lakini wachache wanafanya jambo. Orodha yake ni hazina, ila ni hazina inayohitaji msomaji anayejua kuwa nyuma ya kila jina la mama kulikuwa na kilima, kijito na Katikkiro wa pili.

Mkataba wa Buganda, uliotiwa saini tarehe 10 Machi 1900, ni andiko linalostahili kusomwa na wanaisimu kwa makini kama lilivyosomwa na wanasheria. Katika mgawo wa ardhi, Kabaka anatengewa maili za mraba 350, Nnamasole 16, na Nnamasole aliyekuwa mama wa Mwanga 10. Nnamasole aliyekuwapo na mama wa Mwanga ni watu wawili, kila mmoja na fungu lake. Waandishi wa mkataba waliijua tofauti hiyo. Lakini kifungu kinachohusu posho kinamchukulia Nnamasole kuwa ndiye mama wa Kabaka aliyekuwapo, mtoto Daudi Chwa, kinampa pauni 50 kwa mwaka kwa muda wa uhai wake, na kinatahadharisha kuwa si lazima mama wa makabaka wengine walipwe. Chifu wa saza alipangiwa pauni 200. Ndani ya andiko moja, cheo kinatambuliwa katika ukurasa mmoja na kuyeyushwa katika ukurasa mwingine. Kilichokuwa wadhifa wa kudumu kimekuwa fadhila kwa mzazi mmoja. Hivyo tafsiri ya Nnamasole kuwa "mama wa Kabaka" ilikuwa pia uamuzi wa fedha.

5.0 Ndoa ya 1941

Matokeo ya kuchanganya mtu na cheo yalionekana wazi mwaka 1941. Daudi Chwa II alifariki mwaka 1939, na Muteesa II, kijana wa miaka 15, akarithi. Mama yake, Irene Drusilla Namaganda, akawa Nnamasole. Miaka miwili baadaye alitaka kufunga ndoa ya kanisani na mwanamume wa kawaida. Kanisa la Kianglikana, kupitia Askofu Stuart, liliruhusu. Katikkiro Martin Luther Nsibirwa hakuzuia. Serikali ya kikoloni haikuona sababu ya kuingilia. Buganda ikawaka. Nsibirwa alilazimika kujiuzulu mwaka huohuo, Namaganda akapoteza cheo, na mwanamke wa ukoo wake akawekwa mahali pake. Nsibirwa alirudi kuwa Katikkiro mwaka 1945 na akauawa mwezi Septemba mwaka huo mbele ya kanisa kuu la Namirembe. Mgogoro wa ardhi ndio uliokuwa mbele wakati huo, lakini kumbukumbu ya 1941 haikuwa imefutika.

Masimulizi ya tukio hili huegemea pande mbili. Upande mmoja unamwona Namaganda kama mjane aliyenyimwa haki ya kupenda. Upande wa pili unamwona kama mwanamke aliyeitia aibu nchi. Pande zote mbili zinazungumza kuhusu mwenendo wa mwanamke, na zote mbili zinaliacha swali la cheo. Kwa kanisa, aliyekuwa mbele ya altare ni mjane Mkristo, na mjane Mkristo ana ruhusa ya kuolewa. Kwa Waganda waliopinga, aliyekuwa mbele ya altare ni Kabaka wa ng'ambo ya maji, na Kabaka haolewi na raia wake. Ndoa ingemweka chini ya mume mtu ambaye kicheo hakuwa chini ya yeyote. Mgogoro ulikuwa wa tafsiri kabla haujawa wa maadili: neno moja, mama, lilibeba maana mbili zisizopatana.

Kusema hivyo si kuhalalisha adhabu aliyopewa. Taratibu zilizomfunga Nnamasole asiolewe, kama zile za kale zilizowakataza mabinti wa Kabaka kuolewa na kuzaa, zilikuwa bei ya mamlaka, na bei hiyo ililipwa kwa miili ya wanawake. Uhakiki wa haki lazima useme yote mawili: wanawake hawa walikuwa na mamlaka ambayo tafsiri imeyafuta, na mamlaka hayo yalikuwa na ukatili wake. Kuwapamba kama mashujaa huru ni kosa la aina nyingine.

Historia ya Uingereza ina kisa kinachokaribiana. Catherine wa Valois, mjane wa Henry V, alibaki na mwana mchanga aliyekuwa mfalme. Bunge la Uingereza liliweka sheria ya kumzuia mjane wa mfalme kuolewa bila idhini ya mfalme. Hata hivyo Catherine aliungana na Owen Tudor, Mwelsh asiye na cheo kikubwa, na mjukuu wao akawa Henry VII mwaka 1485, mwanzilishi wa nasaba ya Tudor. Kisa cha Catherine husimuliwa leo kama mapenzi yaliyozaa wafalme. Kisa cha Namaganda husimuliwa kama kashfa. Tofauti haiko katika tabia za wanawake hao wawili. Moja ya sababu ni kwamba mshindi ndiye aliyesimulia kisa cha kwanza. Sababu nyingine ni ya kicheo: Catherine alikuwa mjane wa mfalme, asiye na ufalme wake, ilhali Namaganda alikuwa ameshika nafasi yenye ufalme ndani yake. Anayewaita wote wawili "malkia mjane" amewafananisha pale hasa walipotofautiana.

6.0 Neno Malkia na Mipaka Yake

Neno malkia limetoka katika Kiarabu, likiwa umbo la kike la neno lenye maana ya mfalme. Matumizi ya Kiswahili yamelipa maana mbili: mwanamke anayetawala, na mke wa mfalme. Uingereza imelisaidia kuenea, kwani kwa wasemaji wengi wa karne ya ishirini Malkia alikuwa Elizabeth II. Lakini hata Kiingereza kilihangaika. Neno lake la malkia lilianza na maana ya mwanamke au mke, na Mary I alipotawazwa mwaka 1553 ilibidi Bunge lipitishe sheria mwaka 1554 kutamka kuwa mamlaka ya malkia mtawala ni sawa na ya mfalme. Margaret Beaufort, mama wa Henry VII, hakuwahi kuwa mke wa mfalme. Ikabidi atafutiwe mtajo wake mwenyewe, Bibi Yangu Mama wa Mfalme. Yeye ndiye mtu wa historia ya Uingereza anayekaribia zaidi Nnamasole, na waliomzunguka walitambua kuwa neno la kawaida halimtoshi.

Udhaifu wa neno malkia kuhusu Buganda unaonekana katika sentensi rahisi. Chukua mfano huu wa kubuni: "Malkia alituma mjumbe kwa malkia kumweleza kuwa malkia amekubali." Katika Luganda, Nnamasole angekuwa ametuma mjumbe kwa Lubuga kuhusu Nnaabagereka, na hakuna ambaye angechanganyikiwa. Vijalizo kama "malkia mama" au "malkia dada" vinapunguza utata wa nani anatajwa, lakini vinabakiza dhana kuwa kiini cha cheo ni kuwa upande wa kike wa mfalme.

Inaweza kupingwa kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba kila cheo cha kila kabila, na kwamba tafsiri ni wajibu wa lugha ya mawasiliano mapana. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ingetumika kwa usawa. Waandishi wa Kiswahili huandika Kabaka, Katikiro na Lukiko bila wasiwasi, na msomaji wa Tanga au Kisumu huelewa. Hakuna anayeona haja ya kumwita Katikkiro "waziri mkuu" kila mara. Cheo cha mwanamume kinakopwa. Cha mwanamke kinatafsiriwa. Hilo si hitaji la lugha bali ni mazoea ya waandishi.

Pingamizi la pili ni kuwa Kiswahili hakina mila ya kutaja utawala wa mwanamke kwa njia nyingine. Pwani inalikanusha. Mwana Khadija wa Pate alitawala katika karne ya kumi na nane, na cheo chake, Mwana, ni cha uungwana kisichomfanya kivuli cha mume. Katika Visiwa vya Komoro, mtawala wa Mwali aliyefariki mwaka 1878 alijulikana kama Jumbe Fatima, na jumbe ni neno lisilobagua jinsia. Mfalme lenyewe liko katika ngeli ya A-WA na halina alama ya uanaume. Uanaume umeletwa na matumizi.

Ushahidi mwingine uko Lubaga kwenyewe. Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili humwita Maria, ambaye kanisa kuu la kilima hicho limewekwa chini ya jina lake, Malkia wa Mbingu. Malkia huyo si mke wa mfalme. Ni malkia kwa kuwa ni mama wa Mfalme. Neno, basi, linaweza kunyooka likabeba cheo cha mama pale waumini wanapokijua cheo hicho kwa undani. Linaposhindwa kumbeba Nnamasole, kilichopungua ni maarifa ya mwandishi kuhusu Buganda.

Tatizo hili ni la kanda nzima. Rwanda ina umugabekazi, cheo cha mama wa mwami, ambacho Kanjogera alikitumia kuongoza nchi baada ya mapinduzi ya Rucunshu ya 1896. Bunyoro ina Kalyota na Tooro ina Batebe, vyeo vya dada wa mfalme. Kwa kuviita vyote malkia, Kiswahili kinaufuta muundo wa utawala ambao nchi za Maziwa Makuu zinashirikiana, na ambao kingeweza kuwa lugha bora ya kuulinganisha.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa II aliupinga mpango wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya Baganda, akihofia kuwa kingechukua nafasi ya Luganda. Watetezi wa Kiswahili wamezoea kuusoma msimamo huo kama ubinafsi wa kikabila. Mjadala wa vyeo unaonyesha kuwa hofu hiyo ilikuwa na upande wa haki: lugha inayoingia na kuwapa watu watano jina moja inaondoka na kitu cha wenyeji. Jibu la Kiswahili kwa Daudi Chwa halitatolewa kwa sheria za Bunge wala kwa azimio la mkutano. Litatolewa na kurasa ambazo mtoto wa Lubaga atasoma.

Kwa hiyo, makala inapendekeza mambo matatu. Kwanza, Nnamasole, Lubuga, Nnaalinnya, Kaddulubaale na Nnaabagereka vikopwe vikiwa nomino za ngeli ya A-WA, kwa utaratibu uleule uliotumika kwa Kabaka na Katikiro, na vifafanuliwe mara ya kwanza kwa sentensi nzima inayotaja kazi ya cheo, si kwa neno moja la tafsiri. Pili, kamusi za Kiswahili zinazoiingiza Kabaka ziingize vyeo hivyo pia, na fasili ya Kabaka irekebishwe ili ionyeshe kuwa Nnamasole na Lubuga nao waliitwa hivyo. Tatu, waandishi wa vitabu vya kiada wanaoeleza Mkataba wa 1900 wasiishie kwenye maili 350 za Kabaka. Waweke pia maili 16 na maili 10, na wamuulize mwanafunzi kwa nini mafungu hayo yalikuwa mawili. Atakayelijibu swali hilo vizuri atakuwa ameelewa utawala wa Buganda kuliko aliyekariri majina ya makabaka wote.